Ini lina mafuta: figo uzipime kwa kipimo gani?

Mtu akitoka kupiga altrasaundi Kariakoo au Sinza na karatasi inayosema ini lina mafuta, maneno anayopewa ni yaleyale: punguza chipsi, acha soda, pombe usiiguse, fanya mazoezi. Ushauri mzuri. Ila figo hazitajwi, na mgonjwa naye haulizi, maana kwake ini na figo ni mambo mawili yasiyohusiana. Wachache wanaouliza hukwama kwenye dirisha la maabara.

"Binti, naomba kipimo cha figo."

"Kipi, mama? RFT, mkojo au altrasaundi?"

"Chochote tu, mwanangu, ilimradi kionyeshe figo."

Hiyo "chochote" ndiyo inayokula hela za watu. Kuna kipimo kinachoona figo ikianza tu kuumia, kuna kinachosubiri mpaka imechoka sana, na kuna kinachoweza kukupa picha safi kabisa huku uharibifu unaendelea ndani kwa ndani. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda wa kusoma yote asipotee: mwenye mafuta kwenye ini aanze na vipimo viwili, ACR ya mkojo (uwiano wa albumini, aina ya protini, kwa kreatinini) na kreatinini ya damu (taka ya misuli inayotolewa na figo) iliyopigiwa hesabu ya eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja. Vingine vina mahali pake, lakini si pa kuanzia.

Figo zinaingiaje hapa

Tangu 2023 wataalamu wa ini duniani wamekubaliana kuutambua ugonjwa huu kwa mafuta kwenye ini pamoja na angalau jambo moja kati ya haya: uzito au kitambi kilichozidi, sukari iliyopanda, presha, mafuta ya trigliseridi yaliyo juu, au kolesteroli nzuri iliyo chini. Isome tena orodha hiyo ukifikiria figo. Sukari na presha ndizo zinazoongoza kuua figo, na hapo zimetajwa mlangoni kabisa. Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi, zikijumlishwa, zinaonyesha mwenye mafuta kwenye ini ana hatari ya kupata ugonjwa sugu wa figo takribani mara moja na nusu ya asiye nayo, na hatari hiyo huongezeka kadiri ini linavyozidi kuwa na makovu.

Tatizo ni kwamba figo haziumi. Kuvimba miguu, kuchoka, kichefuchefu na mkojo kupungua huja mwishoni. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na huduma ya kuchuja damu kwa mashine ipo mjini, lakini mashine kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Hakuna anayetaka kufika huko kwa sababu alipimwa kitu kisicho chenyewe.

Kijiti cha mkojo na ACR: hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa

Vyote viwili vinatumia mkojo wa kwenye kopo, na vyote vinatafuta protini. Kwa hiyo mtu aliyepimwa kwa kijiti akaambiwa "protini hakuna" huona ameshamaliza. Hajamaliza.

Figo yenye afya huzuia albumini isitoke kwenye damu. Ikianza kuumia huwa kama kifumbu kilicholegea: tui bado linapita vizuri, lakini machicha kidogo yanaanza kupenya. Hicho kidogo ndicho tunachokitafuta, na kijiti cha kawaida hakikioni. Kwa kawaida kijiti huanza kubadilika rangi albumini ikifika karibu na miligramu 150 hadi 300 kwa lita. Chukua mtu mwenye albumini miligramu 80 kwa lita na kreatinini ya mkojo milimoli 10 kwa lita. Kijiti chake kitabaki cha njano, ataambiwa yuko safi. ACR yake, yaani 80 ukigawa kwa 10, ni 8. Kuanzia 3 figo tayari inavujisha kuliko kawaida. Mtu mmoja, mkojo mmoja, majibu mawili yanayopingana.

Kijiti kina shida nyingine inayoihusu Dar moja kwa moja: kinategemea maji uliyokunywa. Dereva wa bodaboda aliyeshinda juani bila maji atatoa mkojo mzito, na kijiti kinaweza kuonyesha protini kubwa kuliko ilivyo. Aliyemaliza chupa mbili za maji kwenye foleni ya hospitali atatoa mkojo mwepesi, na protini iliyopo itajificha. ACR inaliepuka hilo kwa sababu inagawanya albumini kwa kreatinini ya mkojo huohuo. Maji yakiongezeka, namba zote mbili zinapungua pamoja na uwiano unabaki.

Je, kijiti hakina maana? Kina maana. Ni rahisi, kipo mpaka zahanati, majibu unayapata ukiwa umekaa hapohapo. Kikionyesha protini, hiyo ni habari ya kufuatilia na usiidharau. Kisipoonyesha, ujue tu kwamba uharibifu mkubwa haukuonekana siku hiyo. Kwa mwenye mafuta kwenye ini mimi nakihesabu kama mlango wa nyuma: unapita hapo kama mlango wa mbele umefungwa.

ACR yenyewe ina mitego yake midogo. Wa kwanza ni vizio. Karatasi moja itaandika miligramu kwa milimoli, nyingine miligramu kwa gramu, na namba zinapishana karibu mara kumi. Kwa kizio cha kwanza, chini ya 3 ni kawaida, 3 hadi 30 figo inavujisha kiasi, zaidi ya 30 inavujisha sana. Kwa kizio cha pili ni 30 na 300. Nimeona watu wakilia kwa 22 ambayo haikuwa na tatizo lolote, kwa sababu tu walisoma mpaka wa karatasi ya jirani. Mtego wa pili: baadhi ya maabara hupima kile wanachokiita "maikroalbumini" peke yake bila kreatinini, ukarudi kulekule kwenye shida ya maji. Uliza kabla hujalipa kama majibu yatakuja kama uwiano.

Na wa tatu: albumini hupanda kwa mambo yasiyo ugonjwa wa figo. Homa, mazoezi makali ndani ya saa 24, hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo (UTI, ambayo siku hizi kila mtu mjini ameshaambiwa anayo), sukari iliyopanda sana siku hiyo. Kichocho nacho, kwa wanaotoka maeneo yenye ugonjwa huo, huleta damu na protini kwenye mkojo na kuvuruga hesabu. Ndiyo maana jibu moja baya halitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa wa figo. Linarudiwa.

Kreatinini: namba nzuri ikisomwa vizuri

Ukisema "RFT" kwenye maabara nyingi utapata kreatinini, yurea na chumvi za damu. Ndicho kipimo cha figo kinachopatikana kirahisi kuliko vyote baada ya kijiti, na mara nyingi kiko ndani ya vile vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima. Udhaifu wake ni kuchelewa. Figo zina akiba kubwa, na sehemu zilizobaki nzima huzibebea zilizoumia, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja huku kreatinini bado inakaa ndani ya mipaka iliyochapishwa kwenye karatasi.

Mipaka hiyo yenyewe ndiyo ya kuangalia kwa jicho kali. Tuseme karatasi inasema kreatinini ni mikromoli 110 kwa lita, na pembeni imeandikwa mpaka wa juu ni 115 kwa watu wote. Fundi ujenzi wa miaka 45, mwanamume mwenye misuli yake, akiwa na 110, fomula inayotumika sasa inampa eGFR ya 73 hivi. Mama wa miaka 60 mwenye 110 hiyohiyo anapata kama 50. Wote wawili wameambiwa "kawaida". Lakini 50 iko chini ya 60, na ikibaki hapo kwa miezi mitatu ni ugonjwa sugu wa figo. Mama yule amepewa pole isiyo na kazi, na safari ya kurudi Mbagala akiamini kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo kreatinini isiyo na eGFR ni kazi nusu. Kama karatasi haikuandika eGFR, mwombe daktari aipige hapohapo. Inahitaji kreatinini, umri na jinsia tu. Na ukiona programu ya simu au mashine inauliza kama wewe ni mtu mweusi, ujue bado inatumia fomula ya zamani, mfano ile ya 2009 iliyokuwa na nyongeza ya karibu asilimia 16 kwa watu weusi, iliyotokana na takwimu za Marekani. Kwa nyongeza hiyo, eGFR ya 52 inageuka 60 na tatizo linafutika kwenye karatasi wakati figo ziko palepale. Fomula ya 2021 haina nyongeza hiyo. Itumike hiyo.

Kwa wenye mafuta kwenye ini kuna jambo jingine la kukera. Uzito uliozidi na sukari inayoanza kupanda huzifanya figo zichuje kupita kiasi mwanzoni. eGFR inasoma 115 au 120, mtu anafurahi, kumbe figo zinakimbizwa. Hapo kreatinini haikusaidii kitu. Albumini ya mkojo ndiyo inayoweza kukutonya.

Na kinyume chake kipo pia. Wapo ambao eGFR inashuka taratibu bila albumini kuvuja, hasa wenye umri mkubwa na wenye presha ya muda mrefu. Hao ACR ingewapitisha. Ndiyo sababu nang'ang'ania viwili, na miongozo ya kimataifa ya figo inasema hivyohivyo: pima mkojo na damu, usichague kimoja ukajifanya umemaliza.

Kabla ya kutoa damu, nyama choma ya jana usiku iache kwanza, maana nyama iliyopikwa hupandisha kreatinini kwa muda. Unga wa kriatini wa gym nao hupandisha. Septrin hupandisha namba bila kuumiza figo, kwa hiyo mtajie daktari dawa unazomeza. Yurea, hiyo inayokuja pamoja, hupanda hata kwa kukosa maji tu, na mimi sijengi hoja juu yake peke yake.

Altrasaundi imeshafanyika, haitoshi?

Haitoshi, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Anayepima ini kwa altrasaundi huliweka ini na figo ya kulia kwenye picha moja, kisha hulinganisha mng'ao. Ini likiwa jeupe kuliko figo, anaandika ini lina mafuta. Kwa hiyo figo ilitazamwa, ndiyo, lakini kama kipimo cha rangi ya ini. Mgonjwa akisoma "figo ni za kawaida" chini ya karatasi anadhani zimepimwa kazi yake. Altrasaundi inaona ukubwa, mawe, maji yaliyoziba, uvimbe, na figo iliyokwisha kusinyaa. Katika hatua za mwanzo figo inayovujisha albumini huonekana nzuri tu kwenye picha. Kulipia altrasaundi ya pili ili "kuangalia figo" wakati huna maumivu, huna damu kwenye mkojo na ACR haijapimwa, ni kutupa hela.

Kile kifaa cha kushika mkononi kinachodai kusoma ini, figo, mifupa na nyota yako kwa dakika moja, sikilinganishi na kitu.

Sistatini C

Hiki ni kipimo cha damu kama kreatinini, ila hakitegemei misuli. Kinafaa sana kwa mtu ambaye kreatinini inamdanganya: mnyanyua vyuma, aliyekonda kwa ugonjwa, au mwenye ini lililofikia kusinyaa na kuwa na makovu mengi. Huyo wa mwisho misuli huisha na ini lenyewe hutengeneza malighafi ya kreatinini kidogo, kwa hiyo namba hukaa chini na figo zinaonekana bora kuliko zilivyo. Kinasaidia pia pale eGFR inapoangukia kati ya 45 na 59 huku ACR ni safi na daktari hajui aamini nini.

Kwa nini basi kisiwe cha kwanza? Kwa sababu ni ghali, maabara chache hukifanya, sampuli mara nyingi husafirishwa, na chenyewe kina udhaifu unaowagusa hawahawa wagonjwa wetu: unene, uvutaji sigara, matatizo ya tezi ya shingo na dawa za steroidi humbadilishia mtu majibu. Daktari bingwa akikuandikia, fanya. Usikikimbilie mwenyewe.

Hesabu moja ya bure

Kama una majibu ya ini na picha kamili ya damu, una kila kitu cha kupiga FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini: umri mara AST, gawa kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT (AST na ALT ni vimeng'enya vilivyo kwenye majibu ya ini). Mtu wa miaka 52, AST 48, ALT 36, chembe sahani 210: 2,496 gawa kwa 1,260, jibu 1.98. Chini ya 1.3 makovu makubwa kwenye ini si rahisi kuwepo. Juu ya 2.67 mtu apelekwe kwa bingwa. Katikati, kama huyu wetu, aongezewe kipimo kingine cha ini. Kwa waliozidi miaka 65 mpaka wa chini ni 2.0. Usiipige ukiwa na malaria, kwa sababu malaria hushusha chembe sahani na jibu litakutisha bure.

FIB-4 haipimi figo. Naiweka hapa kwa sababu inasaidia kupanga nani afuatiliwe kwa karibu. Mwenye jibu la juu asikae miaka mitatu bila ACR na eGFR.

Ukiwa na hela ya kimoja tu

Jozi ndiyo sahihi, lakini mfuko nao una sauti yake.

Mwenye kisukari au presha pamoja na mafuta kwenye ini, ningemwambia aanze na ACR. Uharibifu wake huanza kuvuja mapema, na jibu lake hubadilisha matibabu: dawa za presha za jamii ya losartani, na kwa wengine dawa za jamii ya empagliflozini na dapagliflozini, zina ushahidi wa kulinda figo zinazovujisha. Unajua, na kuna la kufanya.

Aliyevuka miaka 60, anayemeza diklofenaki au ibuprofeni kwa magoti na mgongo karibu kila siku, au anayetumia dawa za miti shamba za "kusafisha figo", aanze na kreatinini na eGFR. Anayetumia tenofovia, iwe kwa homa ya ini B au kwa VVU, naye aanze hapo, na aongeze protini yote ya mkojo badala ya albumini peke yake, maana dawa hiyo ikiumiza figo hugusa mirija, na mirija huvujisha protini ambazo ACR haizihesabu. Kwa huyu, cha ajabu, hata kijiti kina nafasi.

Kijana mwembamba, sukari safi, presha safi, ini limekutwa na mafuta kwa bahati tu: apime vyote viwili mara moja. Vikiwa safi, mimi ningerudia mwaka ujao, nisingekimbizana na maabara kila mwezi.

Na aliye mbali na maabara kubwa, kijiti cha zahanati pamoja na kipimo cha presha ni bora kuliko kukaa. Akiwa na protini kwenye kijiti, aombe rufaa. Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, na si lazima kila jambo lianzie Muhimbili. Mwenye bima aanzie kwa daktari ili kipimo kiandikwe na sababu yake, maana ukienda dirishani mwenyewe kwa kawaida unalipa taslimu.

Siku ya kupima na siku ya kurudia

Mkojo bora ni wa kwanza asubuhi. Chukua kopo siku moja kabla, kojoa kidogo kwanza chooni, kinga wa katikati, ulete mapema kabla jua halijawa kali. Habari ya kubeba dumu la mkojo wa saa 24 kwenye daladala iache mpaka bingwa aitake.

Jibu likiwa baya, usianze kujitibu na wala usinunue chai ya figo. Maliza homa au UTI kama ipo, acha dawa za maumivu kwa idhini ya daktari, kisha rudia. Kwa ACR tunataka mbili kati ya tatu ziwe juu ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kwa eGFR tunataka ibaki chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi. Lakini kama eGFR iko chini ya 30, miguu imevimba au mkojo una damu, miezi mitatu haikuhusu, nenda wiki hiyohiyo.

Unaporudia, rudi maabara ileile, maana mashine mbili tofauti zinaweza kukupa kreatinini mbili tofauti kidogo ukadhani figo zimebadilika. Nenda na karatasi ya kwanza, na kama kati ya vipimo hivyo viwili ulianzishiwa losartani, mwambie daktari kabla hajasoma namba: kreatinini kupanda kidogo baada ya dawa hiyo hutarajiwa, na mpaka asilimia 30 kwa kawaida dawa haiachwi.